Yule wa miguu mirefu kwenye kona ya dari

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nyumba yetu hapa Tanga, hasa bafuni na stoo, ina buibui wenye miguu mirefu myembamba kama nyuzi. Ukimgusa kidogo anatikisika mpaka haonekani. Mwanangu wa darasa la sita amesoma kwenye simu kwamba huyu ndiye mwenye sumu kali kuliko buibui wote duniani, ila meno yake ni mafupi hayapenyi ngozi ya mtu. Tangu hapo hataki kuoga peke yake. Mume wangu ameshanunua dawa ya kupuliza. Mama mkwe anakataza, anasema buibui hauawi ndani ya nyumba. Tena mwezi uliopita tulipopanda msituni Amani tulimwona mwingine kwenye gogo, miguu ile ile lakini mwili kama punje ya choroko. Ni huyo huyo? Na mimi nimfuate nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Najua kuna kopo la dawa linasubiri uamuzi, kwa hiyo nianze na la haraka: lirudisheni dukani kama mwenye duka atakubali. Buibui uliyemweleza hana madhara kwa mtoto wala kwa mtu mzima, na hiyo habari ya sumu kali kuliko zote ni uzushi ulioanzia mbali sana na Tanga. Mama mkwe ameshinda kesi, ingawa sababu zake na zangu zinatofautiana kidogo. Nitazifikia. Na yule wa Amani si huyo huyo. Yeye hata buibui si buibui.

Mtoto usimlaumu. Alichokisoma kimeandikwa kweli, tena mara nyingi, na hata watu wazima wenye shahada hukisimulia kwa uhakika mkubwa. Tatizo liko kwenye jina. Alisoma habari za kiumbe ambacho Waingereza humwita "daddy longlegs", yaani Baba Miguu Mirefu, na jina hilo halina mwenyewe mmoja. Mwambie Mwingereza akuonyeshe Baba Miguu Mirefu, atakuonyesha mdudu mwenye mabawa anayejigonga kwenye taa jioni. Mmarekani mara nyingi atakupeleka bustanini akuonyeshe kile kipunje chenye miguu, jamaa wa yule mliyemwona Amani. Mwaustralia atafungua mlango wa bafu lake, na humo utamkuta ndugu wa huyu wako. Viumbe watatu wanaitwa jina moja, na habari ya mmoja ikitoka humvaa mwenzake njiani. Sisi nasi tuna neno "buibui", ambalo ni mdudu na ni vazi la bibi zetu wa pwani, ila sijapata kumsikia mtu aliyeogopa kuumwa na vazi.

Kuwatenganisha hawa watatu si kazi ya maabara. Tazama kwanza kama kuna mabawa. Yakiwepo, hesabu miguu, utakuta sita tu: huyo ni mdudu wa kundi la inzi na mbu. Asipokuwa na mabawa, tafuta kiuno. Buibui amegawanyika sehemu mbili, mbele kichwa na kifua vilivyoshikana, nyuma tumbo, na katikati pamebanwa kama mtu aliyejifunga kibwebwe. Yule wa Amani hana kiuno hicho. Mwili wake ni donge moja, punje ya choroko kama ulivyosema mwenyewe, na sikupata kusikia maelezo mazuri kuliko hayo hata kwa wanafunzi niliowafundisha. Halafu angalia kama anakaa kwenye utando. Wa bafuni anaishi humo. Yule wa gogoni hatengenezi utando maisha yake yote, kwa sababu hana hata kiwanda cha hariri mwilini.

Sasa tukae na wa nyumbani kwako. Familia yake kwa wataalamu ni Pholcidae, yenye spishi karibu 2,000 duniani kote. Katika nyumba zetu mara nyingi utamkuta Smeringopus pallidus, mwenye tumbo lililorefuka na madoadoa ya kijivu. Jenasi yake, yaani kundi la ndugu zake wa karibu, ni ya Kiafrika. Alipanda mizigo na meli kama mabaharia wengine wa pwani hii, na leo anaishi kwenye majumba ya nchi nyingi za joto. Yupo pia Crossopriza lyoni, ambaye tumbo lake kwa nyuma limechongoka, na Artema atlanta, mkubwa wa ukoo, ambaye mwili peke yake bila miguu hufika kama sentimita moja. Na msituni juu yenu wapo ndugu zao wasiojua hata bafu ni nini. Mwaka 2003 mtaalamu wa buibui Bernhard Huber, wa makumbusho ya Koenig mjini Bonn, alitangaza jenasi mpya aliyoiita Buitinga, ya misitu ya milimani ya Afrika Mashariki, na akaonyesha kwamba familia hii ni miongoni mwa buibui waliotawala misitu hiyo. Baadhi ya spishi alizozieleza zinabeba majina ya huku huku: amani, mazumbai, uzungwa. Mwambie mwanao kwamba buibui wa ukoo anaouogopa wamepewa majina ya milima na misitu ya nchi yake mwenyewe.

Kule kutikisika kunawatia watu hofu, wanadhani anajiandaa kuruka. La. Anaogopa yeye. Akiguswa, hushika utando kwa kucha zake na kuuzungusha mwili kwa kasi mpaka macho ya adui yanashindwa kumweka mahali pamoja. Unaona ukungu tu pale alipokuwa. Ndege, nyigu au buibui arukaye akishambulia, hajui alenge wapi. Ni silaha ya mnyonge. Akiona haitoshi, hujiachia mpaka chini na kukimbia kwa miguu yake mirefu inayoyumba, na hapo ndipo watu hupiga kelele.

Utando ndio unaomponza kwa mama wa nyumbani. Hauna umbo la duara lile la kupendeza unaloliona shambani alfajiri likiwa na umande. Ni vurugu ya nyuzi isiyo na gundi, na mdudu akiingia hunaswa kwa kujichanganya miguu. Buibui wengi wa utando wa duara hubomoa kazi ya jana na kuila, kisha hutanda upya. Huyu wako huongeza uzi juu ya uzi, vumbi likatua, na baada ya miezi miwili kona inaonekana kama nyumba haina mwenyewe. Nakubali ni uchafu. Lakini ni uchafu wa vumbi, na dawa yake ni ufagio wa mti mrefu.

Ukitaka kumpenda huyu buibui, mtafute jike mwenye mayai. Buibui wengi hufunga mayai ndani ya mfuko mnene wa hariri na kuuning'iniza mahali. Huyu huyazungushia nyuzi chache mno, yai moja moja linaonekana kama zabibu kwenye kishada, halafu anayabeba mdomoni. Anayabeba hivyo wiki mbili hadi tatu mpaka yaanguliwe, na muda huo karibu hali kitu, maana mdomo umejaa watoto. Nimewaonyesha wanafunzi wengi jambo hili kwa tochi ya simu, na sijamwona aliyeshika tena ufagio siku ile.

Chakula chake ni mbu, inzi, nondo wadogo, sisimizi, na hapa ndipo hadithi ya sumu inapozaliwa: buibui wenzake. Huyu ni mwindaji wa buibui. Huingia kwenye utando wa jirani, akautikisa kidogo kidogo kama mdudu aliyenaswa, mwenye nyumba akija mbio kula, anakuta ameliwa yeye. Hata buibui wakubwa kumshinda huwaweza, kwa sababu ya ile miguu. Anasimama mbali, anamtupia mwenzake hariri kwa miguu ya nyuma, anamfunga mikono na miguu, na meno ya mwenzake hayamfikii. Anauma mwisho kabisa, mtu akishakuwa furushi. Kule Australia kuna buibui anayeitwa mgongo mwekundu, wa ukoo wa buibui waitwao wajane, ambaye kuumwa naye ni jambo la hospitali. Watu waliona Baba Miguu Mirefu akimla huyo mgongo mwekundu, wakapiga hesabu yao: anayemuua mwenye sumu kali lazima awe na sumu kali zaidi. Maelezo hayo ndiyo wataalamu wengi huyatoa kuhusu chanzo cha uvumi, na mimi nayaona ya kweli kwa sababu ni hesabu ambayo hata mimi ningeipiga. Ila ni hesabu mbovu. Mvuvi akivua papa kwa jarife hatusemi meno ya mvuvi ni makali kuliko ya papa.

Ikabaki kazi moja: kama ana sumu kali hivyo, mbona hakuna anayekufa bafuni? Uvumi ulijitafutia jibu, ndiyo hiyo habari ya meno mafupi. Nayo haisimami. Ni kweli meno yake ni mafupi, kama robo ya milimita. Lakini wapo buibui wa kahawia wa Marekani, wa jenasi ya Loxosceles, ambao meno yao yameumbwa kwa mtindo unaofanana na huo na wanauma watu wakatoka vidonda vibaya. Mwaka 2004 watayarishaji wa kipindi cha televisheni cha Marekani, MythBusters, waliamua kumaliza ubishi. Mtangazaji wao Adam Savage aliingiza mkono ndani ya chombo chenye buibui hawa, akaumwa. Meno yalipenya. Alichosikia ni kuwashwa kidogo kwa muda mfupi, basi. Kwa upande wa sumu yenyewe, mtafiti Greta Binford, ambaye amefanya kazi miaka mingi na sumu za buibui, aliikuta ni dhaifu hata kwa wadudu, na mwaka 2019 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa sumu ya spishi moja ya Meksiko ya ukoo huu huu, ulioonyesha kwamba sifa ya hatari imepita kiasi. Kwa hiyo ile habari ya simu ina nusu mbili, na zote mbili ni makosa: sumu si kali, na meno yanapenya.

Kama mwanao anataka buibui wa kumheshimu, mpe mmoja wa kweli. Mjane wa kahawia yupo kwetu, hupenda chini ya viti vya nje, kwenye mabomba, kwenye ndoo zilizoachwa. Ana tumbo la mviringo na kwa chini alama nyekundu au ya machungwa iliyokaa kama saa ya mchanga ya zamani, na vifuko vyake vya mayai vina miiba midogo pande zote kama tunda la mbaruti. Huyo usimshike. Huyo ndiye nisingebishana na mume wako kama angetaka kumtoa.

Twende Amani. Nafurahi mlipanda, maana tangu Wajerumani walipofungua kituo chao cha utafiti pale mwaka 1902 watu wamekuja kutoka pande zote za dunia kutazama vitu ambavyo watu wa Muheza huvikanyaga kila siku. Mliyemwona kwenye gogo ni wa oda inayoitwa Opiliones. Yuko kwenye tabaka moja na buibui, nge na kupe, lakini kila mmoja na nyumba yake. Spishi zao zilizokwisha kuelezwa zinapita 6,500. Hana sumu kabisa. Hana meno ya kuchomea. Buibui hawezi kutafuna, humwagia chakula vimeng'enya kikayeyuka akanywa kama uji. Huyu wa gogoni hula vipande, mizoga ya wadudu, kuvu, matunda yaliyoanguka. Macho yake yanayoonekana ni mawili tu, yamewekwa juu ya kinundu katikati ya mgongo kama taa juu ya mnara. Akiudhika hutoa harufu kali kutoka tundu mbili za ubavuni, na kama mlimshika mkaja kunusa vidole, basi mnajua ninachosema.

Miguu yake ni minane, lakini hatembelei yote. Ule wa pili kila upande ni mrefu kuliko mingine, na kazi yake ni kupapasa njia. Anaunyoosha mbele, anagusa, anarudisha, anagusa tena. Wajapani walimtazama wakamwita zatomushi, mdudu kipofu, wakimfananisha na wale vipofu wa zamani waliotembea mjini wakigonga njia kwa fimbo. Nimesoma majina mengi ya wanyama na hili naliweka juu ya orodha yangu, kwa sababu aliyelitunga alikaa chini akatazama.

Wafaransa walitazama kitu kingine. Wao humwita kwa jina la mfyekaji wa nyasi, na Warusi vivyo hivyo. Sababu ni mguu. Kama mjusi anavyomwachia paka mkia, huyu humwachia adui mguu, na mguu ulioachwa unaendelea kukunjuka na kukunjika wenyewe chini, kama mundu mikononi mwa mtu. Ndani ya paja la mguu huo mna chembe za neva zinazoendesha mpigo, kwa hiyo haungoji amri ya mwili. Kwa spishi nyingine mchezo huo huendelea mpaka saa nzima. Adui anabaki akishangaa mguu, mwenyewe keshaondoka na saba. Mkia wa mjusi huota tena. Mguu huu hauoti. Watoto wa Urusi walikuwa wakiung'oa makusudi wauone ukifyeka na kuuimbia, ukatili ule ule wa watoto wetu na panzi.

Jina lake la kisayansi nalo lina kisa. Spishi ya Ulaya inayojulikana zaidi ni Phalangium opilio, iliyopewa jina na Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga majina ya viumbe, mwaka 1758, na opilio kwa Kilatini ni mchungaji wa kondoo. Kuna maeneo ya Ulaya ambako wachungaji walitembea juu ya magongo marefu ili waone kondoo wao kwa mbali na wasizame kwenye tope. Wale wa Landes, kusini magharibi mwa Ufaransa, ndio maarufu kuliko wote. Wengi hulieleza jina kwa kisa hicho. Cha kuchekesha ni kwamba ng'ambo ya bahari, vijijini Marekani, watoto waliotumwa kutafuta ng'ombe waliopotea walimshika mnyama huyu huyu wakamuuliza ng'ombe wako wapi, kisha wakaenda upande alioelekeza mguu. Kwa kuwa kazi ya ule mguu wa pili ni kunyooshwa hewani na kupapasa, jibu halikukosekana hata siku moja. Ng'ombe kuonekana ni habari nyingine.

Huyu ni mzee kuliko hadithi zote hizo. Kule Rhynie, Uskoti, kwenye mwamba uliohifadhi viumbe vya kinamasi cha kale, alipatikana mmoja wa miaka kama milioni 410 iliyopita, na ukimweka pembeni ya wa leo utahitaji muda kuona tofauti. Wakati huo hapakuwa na ndege wala nyoka, wala ua hata moja. Nao watafiti wa siku hizi hawajamwacha. Mwaka 2021 Guilherme Gainett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, walisoma vinasaba vya Phalangium opilio, wakazima vichache akiwa bado yaini, na wakapata watoto wenye miguu mifupi, baadhi ya miguu ikiwa imegeuka kuwa vipapasi vya mdomoni. Magazeti yakafurahi na jina la Baba Miguu Mifupi. Miaka mitatu baadaye kundi hilo likaonyesha kwamba mbali na macho mawili ya mnarani, kijusi kina mabaki ya macho mengine yaliyofichika, kumbukumbu ya mababu waliokuwa na mengi zaidi.

Wa tatu, mwenye mabawa, nitampitia haraka. Kwetu watu humwona ukutani msimu wa mvua wakadhani ni mbu aliyekua kupita kiasi, na wengine humpiga kwa kandambili wakiogopa malaria. Hanyonyi damu. Wengi wao wakishakuwa wakubwa hawali kitu cha maana, huishi siku chache, wakazaa, wakafa. Ncha kali ya mkiani kwa jike ni ya kuchomeka mayai udongoni, haichomi mtu. Mwenye madhara ni funza wake, tena kwa mizizi ya nyasi: mwaka 1935 kule London walishambulia uwanja wa kriketi wa Lord's, majani yakatoka mabaka, mpira ukawa unageuka vibaya msimu mzima, na wafanyakazi wakaokota funza kwa maelfu kuwachoma moto. Waingereza pia wana wimbo wa watoto wa kumkamata mzee miguu mirefu asiyesali na kumtupa ngazini kwa kumshika mguu wa kushoto. Mzee mwenyewe ni mdudu huyu, ambaye miguu inakatika ukimgusa tu.

Sasa mama mkwe. Watu wa pwani waliolelewa kwenye Uislamu wanakijua kisa cha pango la Thaur, mwaka 622, Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, na Abu Bakr walipojificha humo wakiwakimbia Makureshi. Husimuliwa kwamba buibui alitanda mlangoni, waliowafuata wakaona utando mzima wakasema hapa hajaingia mtu. Wanazuoni wa hadithi wamejadili uzito wa mapokezi hayo, na si kazi yangu kuwaamulia. Lakini mapenzi kwa buibui wa nyumbani yaliyotokana nacho ni makubwa, na bibi nyingi hazikuhitaji cheti cha mapokezi ili zimwachie buibui kona yake. Qur'ani yenyewe ina sura inayoitwa kwa jina lake, Al-Ankabut, ya 29, ambamo nyumba ya buibui inatajwa kuwa dhaifu kuliko nyumba zote. Kwa hiyo mama mkwe anaweza kumtetea mkaaji, na wewe ukashika ufagio ukaibomoa nyumba, na pasiwe na ugomvi.

Hadithi za miguu yenyewe zipo zaidi magharibi ya bara letu. Kwetu mjanja wa ngano ni sungura. Kwa Waakan wa Ghana ni Anansi, buibui, na wanajua kwa nini ana miguu myembamba. Siku moja alinusa vyungu vya majirani vikipikwa, hakutaka kusaidia kazi wala hakutaka kukosa chakula. Akamfungia kila jirani kamba, ncha ya pili akaifunga mguuni mwake, akawaambia chakula kikiiva mvute. Vyungu vyote vikaiva saa moja. Kamba nane zikavutwa pande nane, miguu ikarefuka na kukonda mpaka leo. Karibu nasi zaidi, Wazande wa Kongo na Sudan Kusini nao wana mjanja wao, Ture, na jina hilo maana yake ni buibui. Ngano zake mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alizikusanya na kuzichapisha.

Na kuna tawi moja la hadithi hii lililofika kwetu kwa njia ambayo sikuitarajia. Mwaka 1912 mwandishi wa Marekani Jean Webster alitoa riwaya ya msichana yatima anayesomeshwa na mfadhili asiyemjua. Amewahi kuona kivuli chake tu ukutani, kimerefuka miguu na mikono, basi akamwita Baba Miguu Mirefu. Japani ilikipenda kisa hicho mpaka ashinaga, yaani miguu mirefu, ikawa ndiyo namna ya kumtaja mfadhili wa siri. Shirika la Kijapani la kusomesha yatima likachukua jina hilo hilo, Ashinaga. Limekuwa na kazi zake Uganda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na vijana waliofiwa na wazazi, wakiwemo wa Afrika Mashariki, wameomba ufadhili wake wa vyuo vikuu. Kwa hiyo wapo vijana wa huku wanaosema "Ashinaga" kwa heshima kubwa, na asili ya neno ni jina lile lile la Baba Miguu Mirefu lililomtisha mwanao.

Turudi kwenye kopo la dawa, maana mume wako atataka kusikia habari ya mbu. Ndiyo, huyu anakula mbu. Miaka ya 1990 kule Thailand watafiti walimchunguza Crossopriza lyoni kama adui wa mbu wa dengi majumbani. Na Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, anaishi buibui mdogo arukaye, Evarcha culicivora, ambaye Robert Jackson na wenzake walieleza mwaka 2005 kwamba huchagua mbu waliokwisha kunywa damu. Anapata damu yetu bila kutugusa. Lakini usiache chandarua kwa kumtegemea buibui. Huyu wa bafuni hajui Anopheles, mbu wa malaria, ni nani, anakula kilichonaswa. Ukipuliza dawa bafuni utamuua yeye, na mbu wapya wataingia dirishani jioni hiyo hiyo.

Fanyeni hivi. Stoo, fagieni utando wa zamani mara moja kwa mwezi, mkiacha wenyewe wakimbie. Watatanda tena pembeni. Aliye juu ya kitanda au juu ya sufuria, mfunikeni kwa glasi, pitisheni karatasi chini yake, mpelekeni nje penye kivuli. Msimshike kwa mguu, utabaki nao mkononi. Na mtoto asiambiwe tu kwamba hakuna cha kuogopa. Usiku mpe tochi, aingie bafuni na baba yake, auguse utando kwa ncha ya njiti na ahesabu buibui atatikisika kwa sekunde ngapi. Kisha amulike kona zote kumtafuta jike mwenye kishada mdomoni. Wakimpata, kona hiyo iachwe wiki tatu. Ufagio utangoja.